Rai Juu ya Kuchagua Ubongo wa Mota

Baina ya waya wa umeme unaoingia kiwandani na mota inayosukuma maji, inayozungusha kinu cha saruji au inayopuliza hewa juu ya majani mabichi ya chai, siku hizi aghalabu hukaa sanduku la chuma ambalo mafundi wetu huliita inveta, na ndani ya sanduku hilo, katikati ya bodi iliyojaa vipande vingi, mna chipu moja ya sentimita chache za mraba, iitwayo maikrokontrola, ambayo ndiyo inayoamua kila tendo la mota hiyo. Watu wengi hupita karibu na sanduku hilo kila siku bila ya kulijali, wala si ajabu, maana halina mwendo wa kuvuta jicho. Walakini maji yanayofika mabombani na unga unaotoka kinuni hutegemea uamuzi ambao mhandisi fulani, mara nyingi katika nchi ya mbali, aliufanya alipokaa mbele ya orodha ya chipu mia kadhaa akachagua moja. Rai yangu ni kwamba uamuzi huo hufanywa mno kwa vipimo visivyostahili, kwa kutazama wingi wa megahezi na wepesi wa bei, ilhali ungepasa kufanywa kwa kuuliza chipu itatenda nini katika saa yake iliyo mbaya kuliko zote, na itaendelea kupatikana kwa miaka mingapi. Na kwamba sisi wa Afrika ya Mashariki, tunaozinunua mashine hizi na ambao baadhi yetu wameanza kuziunda, tuna haki ya kuhoji uamuzi huo kabla haujafungiwa ndani ya sanduku.

Ili msomaji asiye mhandisi apate kuona uzito wa jambo lenyewe, yafaa kukumbuka mota ilikuwaje kabla ya chipu. Mota ya mkondo geu, ambayo Galileo Ferraris kule Turin na Nikola Tesla kule Marekani waliitangaza kila mmoja kwa njia yake katika mwaka wa 1888, ilikaa miongo mingi katika utii wa gridi: umeme wetu hutimiza duru 50 kwa sekunde, na mota yenye ncha nne za sumaku iliyofungwa kwenye umeme huo huzunguka karibu mara 1500 kwa dakika, ikiwa kazi ni nyingi au ni haba, ikiwa mji umelala au umeamka. Aliyetaka maji machache hakuwa na njia ila kuibana vali, na mota ikaendelea kula umeme ikishindana na kizuizi ambacho mwenyewe ameiwekea. Inveta iliivunja desturi hiyo kwa kuupokea umeme wa gridi, kuugeuza kuwa mkondo mnyoofu, kisha kuufinyanga upya kuwa mkondo geu wa duru zozote zitakiwazo. Faida yake ni kubwa kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu feni na pampu za kuzungusha hutii kanuni ya kipeo cha tatu: pahali ambapo maji hayapandishwi mlima mrefu, ukiipunguza kasi ya pampu hadi asilimia 80, nguvu inayotakiwa hushuka hadi takriban asilimia 51. Maadamu Shirika la Nishati la Kimataifa limekwisha kukadiria kwamba zaidi ya asilimia 40 ya umeme wote unaotumiwa duniani hupitia katika mota, sioni jambo la ufundi linalostahili kujadiliwa katika gazeti la watu wote kuliko hili.

Kazi ya kuufinyanga umeme ndiyo dhamana ya maikrokontrola. Katika inveta ya kawaida mna transista sita za nguvu, zilizopangwa jozi tatu, na chipu huziamuru zipitishe umeme au ziuzuie kiasi cha mara 10,000 kwa sekunde, au zaidi. Maana yake ni kwamba katika kila mikrosekunde 100, na mikrosekunde ni sehemu moja ya milioni ya sekunde, chipu haina budi kuupima mkondo unaokwenda kwenye mota, kufanya hesabu, na kutoa amri mpya, kisha kuanza tena, mchana na usiku, bila ya kuruka zamu hata moja. Hesabu zenyewe zina nasaba ya kuheshimiwa. Robert Park alitangaza sehemu yake mwaka 1929. Sehemu nyingine inachukua jina la Edith Clarke, bibi aliyeanza kwa kufanya hesabu za wahandisi wengine na ambaye mwaka 1947 aliingia Chuo Kikuu cha Texas akawa mwanamke wa kwanza kuwa profesa wa uhandisi wa umeme nchini Marekani. Na Felix Blaschke wa Siemens, mwanzoni mwa miaka ya 1970, akaonyesha jinsi mikondo mitatu inayopanda na kushuka inavyoweza kutazamwa kama miwili iliyotulia, mmoja wa kujenga sumaku na mmoja wa kutoa nguvu ya mzunguko. Maarifa hayo yote yalingoja chipu ya bei nafuu iweze kuyatekeleza kwa wakati, na ilipopatikana, mota ya kawaida kabisa ikapata utiifu ambao zamani ulikuwa wa mota ghali za mkondo mnyoofu.

Hapa ndipo megahezi zinapoanza kumdanganya mnunuzi. Mkondo wa mota haupimwi wakati wowote ule, bali sharti upimwe katikati ya kipindi, transista zilipotulia, kwani ukipimwa karibu na wakati ule transista inapogeuka, kipimo hujaa kelele na hesabu nzima huharibika. Kwa hiyo chipu iliyoundwa kwa ajili ya mota huwa na kipima wakati kinachoiamuru sehemu ya kupimia moja kwa moja, chuma kwa chuma, bila ya kuingoja programu. Na chipu yenye kasi ya megahezi 100 iliyo na kipima wakati cha namna hiyo itaiongoza mota vizuri kuliko ndugu yake ya megahezi 600 iliyoundwa kwa ajili ya kuchora picha kwenye kioo cha simu. Nimeona mara nyingi katika matangazo ya biashara tarakimu kubwa ya kasi ikiandikwa kwa herufi nene juu ya ukurasa, na habari ya kipima wakati ikazikwa katika ukurasa wa mia nane wa kitabu cha maelekezo. Mchaguaji mwenye busara huanza kusoma huko.

Aidha ipo habari ya hatari. Transista mbili za jozi moja, ya juu na ya chini, zikipitisha umeme kwa wakati mmoja, umeme wa sanduku zima hupiga shoti kupitia humo, na transista nyingi za aina ya IGBT hustahimili msiba huo kwa takriban mikrosekunde 10 tu kabla ya kupasuka. Mikrosekunde 10 ni muda mkubwa kwa chipu isiyo na shughuli, lakini ni muda mfupi mno kwa chipu ambayo programu yake imo mbioni kujibu ujumbe wa mtandao, au imezuia kwa makusudi kukatizwa hadi imalize kuandika kumbukumbu. Ndiyo sababu nasema kwamba swali la kwanza kabisa la kuuliza juu ya maikrokontrola ya mota ni hili: je, inao mlango wa dharura, unaopokea ishara ya hatari kutoka kwenye saketi na kuzizima transista zote sita wenyewe, hata kama programu imekwama, hata kama saa ya chipu imesimama? Chipu isiyo na mlango huo isifungwe kwenye mota ya kiwandani, hata ikitolewa bure. Sisemi kwa ukali wa kupamba maneno. Katika umeme wa volti 400 transista inayopasuka hurusha vipande na moto, na karibu na sanduku hilo husimama mtu, mzazi wa watoto, mwenye bisibisi mkononi.

Sasa tuje kwenye mtandao, ambao ndio unaoifanya kazi ya uchaguzi kuwa ngumu maradufu. Zamani mota ilikuwa na swichi yake na mtu wake. Leo mota 40 za kiwanda kimoja huzungumza na kompyuta kuu, zikipokea amri za kasi na kurudisha habari za joto, mkondo na hitilafu. Na ujumbe wa mtandao una tabia ya kufika unapopenda wenyewe. Chipu moja iliyopewa kazi hizi mbili ni kama mpishi aliyeambiwa ayalinde maziwa yaliyo motoni na papo hapo aitikie kila hodi mlangoni: maziwa hayamngoji mgeni, na mgeni akicheleweshwa hukasirika. Uhandisi wote wa jambo hili, kwa kadiri ninavyouelewa, ni kutafuta njia ya kuitikia hodi pasipo kuondoa jicho jikoni, na chipu hutofautiana kwa njia ambazo waundaji wake wamezichagua.

Lakini kabla ya chipu huja itifaki, yaani lugha na adabu za mazungumzo hayo, na hapa kuna upotevu mwingi wa fedha. Itifaki ya Modbus, iliyotangazwa na kampuni ya Modicon mwaka 1979, ni ya kale na ya polepole, hupita kwenye waya mbili zilizosokotwa zinazoweza kufika mita 1200, na maikrokontrola yoyote ya dola chache huimudu. Ile ya CAN, ambayo Bosch waliitangaza mwaka 1986 kwa ajili ya magari, ina ustahimilivu wa ajabu katika mazingira ya kelele za umeme, nayo imo ndani ya chipu nyingi za mota bila ya gharama ya ziada. Kisha zikaja itifaki zinazopita juu ya waya wa Etheneti: PROFINET, EtherNet/IP, na EtherCAT, ambayo Beckhoff wa Ujerumani waliileta mwaka 2003. Hii ya mwisho ni kazi ya akili kubwa, kwani kila kifaa huusoma na kuuandika ujumbe ungali unapita, pasipo kuusimamisha, na saa za vifaa vyote hulinganishwa hata tofauti ikawa chini ya mikrosekunde moja. Ila uhodari huo una sharti lake: mlango wa kawaida wa Etheneti hautoshi kwa kifaa kinachoitikia katika EtherCAT, ni lazima pawe na maunzi maalumu, ama ndani ya chipu ama pembeni yake, na mtu anayegundua sharti hilo baada ya kwisha kuchora bodi yake hana budi kuichora upya.

Nani basi anahitaji usahihi wa namna hiyo? Mashine ya kuchapa magazeti, ambamo silinda nyingi lazima ziende sare ili rangi moja isitoke nje ya nyingine; mashine ya kufungasha; mkono wa roboti; mashine ya kuchonga vyuma yenye pande tano za mwendo. Pampu ya maji haihitaji. Feni ya kiwanda cha chai haihitaji. Tangi la maji hujaa kwa saa, na amri inayochelewa kwa nusu sekunde haimdhuru mtu yeyote, seuze mikrosekunde. Pamoja na hayo zabuni huandikwa kwa majina ya itifaki mpya kwa sababu tu majina hayo yamesikika kwenye maonyesho ya biashara, na kituo cha pampu tatu kikafungwa mtandao uliokusudiwa mashine ya pande sitini, mtandao ambao fundi wa wilaya hana kifaa cha kuupima wala hakufundishwa kuusoma, ilhali Modbus angeipima kwa kifaa cha bei ndogo na kompyuta yake ya mkononi. Nauona ubadhirifu huu kuwa mbaya zaidi kuliko ubadhirifu wa kawaida, kwa sababu hauishii siku ya kununua. Hurudi kila siku ya hitilafu.

Mtu anaweza kuniuliza ningechagua nini mimi, na swali hilo ni la haki. Kwa karakana ya hapa petu inayotaka kuunda inveta ya pampu au ya feni, ningetazama kwanza jamii ya STM32G4, iliyotolewa na STMicroelectronics mwaka 2019, ambayo kasi yake ni megahezi 170 tu lakini inayo sehemu za kupimia zilizofungamana na kipima wakati, maunzi ya kufanya hesabu za pembe bila ya kuisumbua prosesa, vilinganishi vya kuuzima mkondo wa hatari, na mlango wa CAN. Au jamii ya C2000 ya Texas Instruments, ambayo imezaliwa na kulelewa kwa ajili ya mota. Kwa mtu ambaye kweli anahitaji EtherCAT, ziko njia kadhaa. Infineon walileta XMC4800, yenye prosesa moja ya megahezi 144 na maunzi ya EtherCAT ndani yake. Texas Instruments wana F28388D, ambayo ndani yake prosesa mbili za megahezi 200 hulinda mota, na prosesa ya tatu, ya jamii nyingine, huachiwa mambo ya mtandao, mpango ambao mimi naupenda kwa kuwa unaitambua tofauti ya kazi mbili tangu kwenye mchoro. Juu yake ipo AM2434, yenye prosesa nne za megahezi 800 na vitengo vya pekee vinavyoweza kufundishwa itifaki moja leo na nyingine kesho kwa programu tu. Ni chipu tukufu. Lakini mwenye kuichagua ajue kwamba ameichagua pia kazi ya miezi mingi ya kuielewa, na bodi yenye tabaka nyingi, na hadhari ya joto.

Hata hivyo lipo jambo ambalo vitabu vya uchaguzi vilivyoandikwa Ulaya na Marekani hulipitia kwa haraka, nalo kwetu ni kubwa: umbo la nje la chipu. Chipu nyingine zina miguu inayoonekana pembeni, na fundi hodari wa Kariakoo, Dar es Salaam, au wa Luthuli Avenue, Nairobi, aweza kuing'oa iliyokufa na kuichomelea mpya kwa pasi yake ya risasi na kioo cha kukuzia. Nyingine hazina miguu ila vidonge vya risasi mia kadhaa vilivyofichwa tumboni, ambavyo haviunganishwi ila kwa tanuri, wala havikaguliwi barabara ila kwa eksirei. AM2434 ni ya tumbo hilo. STM32G4 hupatikana yenye miguu, XMC4800 nayo kadhalika, na F28388D huuzwa kwa maumbo yote mawili. Mimi natoa hukumu kwamba kwa mashine zitakazoishi mbali na bandari, miguu inayoonekana ina thamani kuliko prosesa ya pili. Na kama EtherCAT ni ya lazima, basi hata chipu mbili za kiasi, moja ya mota na moja ya mtandao mfano wa LAN9252 ya Microchip, zikiwekwa kando kwa kando kwenye bodi, huweza kuwa uamuzi bora kuliko chipu moja kubwa: ya mtandao ikiunguzwa na radi iliyopita kwenye waya, na radi za ukanda wa ziwa si hadithi, ya mota husalimika.

Joto nalo lisisahauliwe. Chipu za biashara ya kawaida hudhaminiwa kwa nyuzi 0 hadi 70 za Selsiasi, za kiwandani huanza nyuzi 40 chini ya sifuri hadi 85, 105 au zaidi. Na sanduku lililotundikwa katika chumba kisicho na hewa mjini Tanga mwezi wa Februari, lenye transista zinazotoa joto lake wenyewe, huvuka 70 bila ya taabu.

Naja sasa kwenye umri, ambao nauona kuwa nusu ya shauri zima. Mota iliyotunzwa, ikibadilishwa beringi na kusukwa upya waya zake inapoungua, huishi miaka 20, 30, hata zaidi. Viwandani mwetu zipo zilizowapita umri waendeshaji wake. Chipu haisukwi upya. Ikifa, na kiwanda kilichoizaa kimeacha kuitoa, sanduku zima huwa chuma chakavu. Baadhi ya makampuni hutoa ahadi ya maandishi kwamba chipu fulani itaendelea kuuzwa kwa miaka 10 au 15 tangu ilipotangazwa, na ahadi hiyo yafaa isomwe kwa makini, hususan tarehe ya kuanzia, kwa maana ahadi ya miaka 10 ambayo imekwisha kula minane si ya kujivunia. Mwaka 2021 ulimwengu ulipata funzo la jambo hili: mahitaji yaliongezeka ghafla baada ya maradhi ya korona, kiwanda cha Renesas kule Naka, Japani, kikashika moto mwezi wa Machi, na maikrokontrola za dola chache zikangojwa zaidi ya mwaka, huku wafanyabiashara wa kati wakiziuza kwa bei ya mara nyingi, na za bandia zikiingia sokoni zikiwa na jina lililochapwa upya juu ya mgongo. Walioteseka kidogo ni wale waliochagua jamii yenye chipu nyingi zilizo na mpangilio mmoja wa miguu, wakaweza kuingiza ndugu mkubwa mahali pa mdogo aliyekosekana, na walioandika programu zao kwa lugha ya C iliyo safi, isiyofungamana na vifaa vya muuzaji mmoja. Sisi tulio mwisho wa foleni ya kila meli tulipaswa kuwa wa kwanza kulishika funzo hilo.

Na kufa kwa chipu si lazima kuwe kwa kuungua. Programu iliyotiwa ndani yake aghalabu hufungwa kwa kufuli ili isisomwe na mshindani, jambo ambalo silikatai, kwa kuwa kila mtu ana haki ya jasho lake. Lakini mwenye kufuli akifilisika, au akiamua kwamba soko letu ni dogo mno kushughulikiwa, mteja hubaki na mashine nzima isiyofufuliwa, hata akiwa na chipu mpya mkononi. Dawa yake inajulikana katika biashara: nakala ya programu huwekwa amana kwa mtu wa tatu, ikakabidhiwa kwa mnunuzi iwapo muuzaji ataiacha kazi. Sioni sababu ya mamlaka ya maji au kiwanda cha sukari kutodai amana hiyo, maana hainyimi kampuni haki yoyote wakati inapotimiza wajibu wake.

Kuna na shari ya makusudi. Mwaka 2010 iligunduliwa programu haribifu iliyopewa jina la Stuxnet, ambayo wachunguzi waliifuata hadi wakaona kwamba ililenga inveta za aina mbili, za Vacon wa Finland na Fararo Paya wa Irani, zilizokuwa zikiendesha mota kwa duru baina ya 807 na 1210 kwa sekunde. Ikikuta mota hizo huzipandisha hadi duru 1410, kisha huzishusha hadi 2, kisha huzirudisha 1064, na katika muda huo wote huwaonyesha waendeshaji hali njema. Ushahidi wote ulielekeza kwenye mashine za kurutubishia madini ya urani kule Natanz, Irani. Silitaji jambo hili ili kumtisha mtu wa pampu ya kijiji. Nalitaja kwa sababu linaonyesha kwamba inveta na mtandao wake ni silaha katika mkono mbaya, na Modbus, pamoja na wema wake wote niliousifu, haina neno la siri wala njia ya kumtambua mwenye kutoa amri. Kwa hiyo waya wa Modbus usiunganishwe na intaneti bila ya mlinzi wa katikati, na maikrokontrola ichaguliwe ile inayoweza kukagua sahihi ya programu mpya kabla ya kuikubali. Sheria ya Umoja wa Ulaya nambari 2024/2847 itawalazimisha wauzaji wa huko kulitazama hilo kuanzia tarehe 11 Desemba 2027, pamoja na kurekebisha udhaifu unaogunduliwa baada ya mauzo. Nasi tunaonunua kutoka kwao tuna sababu ya kudai bidhaa iliyotimiza sheria hiyo, badala ya ile iliyobaki ghalani na kutafutiwa soko lisilouliza.

Hayo yote yanadai watu. Vijana wetu vyuoni wengi huanza na bodi ya Arduino, iliyozaliwa Ivrea, Italia, mwaka 2005, na ambayo toleo lake maarufu hutumia chipu ya biti 8 na megahezi 16. Ni mwalimu mwema wa hatua ya kwanza, nami sitaki kuivunjia heshima, lakini kijana anayehitimu akiwa hajapata kuutazama mkondo wa mota ukipimwa katikati ya kipindi, wala kuona mlango wa dharura ukizizima transista, hawezi kuajiriwa kuunda inveta, wala hata kuikagua inayonunuliwa. Bodi za mafunzo za volti 24, zenye mota ndogo isiyoweza kumuua mtu, huuzwa na kampuni za chipu nilizozitaja, na bei yake ni ndogo kuliko ya kompyuta moja ya ofisini. Reli ya umeme ya Dar es Salaam na Dodoma, iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2024, huenda kwa inveta; pikipiki za umeme zinazozidi kuonekana Kigali na Nairobi huenda kwa inveta. Nchi zinazozitegemea mashine hizi kwa safari za watu wake zinahitaji wahandisi wanaoijua mikrosekunde ya kumi na moja ni nini.

Nawasihi basi wanaoandika zabuni za pampu, za vinu na za feni, katika mamlaka za maji, katika viwanda na katika halmashauri, waongeze katika karatasi zao madai machache yasiyogharimu kitu: muuzaji ataje jina kamili la maikrokontrola iliyo ndani ya inveta yake na mwaka ambao ahadi ya kupatikana kwake itakwisha, aeleze ni maunzi gani yanayozima transista programu ikikwama, atoe orodha kamili ya rejista za Modbus au itifaki nyingine aliyoitumia, ili fundi mwingine aweze kuisoma, na aweke amana nakala ya programu. Muuzaji mwema atayajibu hayo kwa ukurasa mmoja. Asiyeweza kuyajibu asipewe kazi.